Aliyeitika Abee

Hedifoni zangu za zamani zilikufa kifo cha maji. Nilizisahau mfukoni mwa sketi, nikailoweka sketi, nikaifua na kuisuuza, na nilipozitoa upande wa kulia ulikuwa bubu, wa kushoto unakoroma. Mtu mwingine angesikitika kidogo akaendelea na maisha yake. Mimi siwezi, masikio ndiyo jembe langu. Ofisini kwetu watu huleta sauti zilizorekodiwa, za mikutano, mahojiano na ugomvi wa wanahisa, nami nazichapa neno kwa neno. Marehemu baba aliniita Kasuku tangu utotoni, kwa sababu kila nilichosikia nilikirudia. Nilipopata kazi hii alicheka mpaka akakohoa. "Kumbe kuna watu watakulipa kwa ugonjwa huo," akasema.

Ofisi haitoi hedifoni. Bosi wetu husema kila fundi aje na nyundo yake, msemo alioutunga mwenyewe na anaupenda sana. Basi mapumziko ya mchana nikatoka kwenda mtaa wa vibanda vya simu, mfuko ukiwa mwepesi kwa vile karo ya Sindano ilikuwa imeshaupitia.

Sindano ni binti yangu. Jina hilo alipewa na jirani yetu fundi cherehani, kwa wembamba wake na kwa ulimi unaochoma. Baada ya mazishi ya baba tulihamia kwenye nyumba yake, mimi na Sindano, tukaachana na kodi. Nyumba ni nzuri, ina sebule, vyumba viwili, na korido yenye pazia inayokwenda mpaka stoo ya nyuma. Kitu kimoja tu ndicho kilichokuwa kikininyima raha. Sindano hutoka shule kabla sijatoka kazini, kwa hiyo kila siku hufungua mlango mwenyewe, hujifungia ndani na kukaa peke yake mpaka nirudi. Nilimwachia simu ya zamani ya babu yake, na amri moja: ukifika, nitumie sauti yako niisikie. Bila sauti hiyo huwa situlii kwenye kiti.

Kwenye kibanda cha kona yupo muuzaji tunayemwita Besi, maana kwake kitu kisichotikisa kifua hakijawa muziki.

"Dada, chukua hizi," akaniambia. "Besi yake inang'oa meno."

"Meno nayahitaji. Nipe za kumsikia mtu akiongea."

"Haya, tujaribie wimbo gani?"

"Ninao wangu."

Wenzangu hupima hedifoni kwa muziki, mimi hupima kwa baba. Ninao ujumbe wake wa mwisho wa sauti, alionitumia mchana wa siku aliyofariki, na naujua kama ninavyoijua njia ya chooni taa zikiwa zimezimwa. Anasema: "Kasuku, baba hapa. Ukitoka kazini upitie. Pasi yako nimeitengeneza, ni waya tu ulikuwa umekatika kwa ndani. Usiivute tena kama unavuta mbuzi. Haya." Halafu kimya. Halafu anauliza, "Kasuku?" na ujumbe unakatika. Kile "Kasuku?" cha mwisho nilikuwa nakipenda kuliko vyote. Baba hakuwahi kukubali kwamba ujumbe wa sauti si kupiga simu, na siku zote niliamini alikuwa anangoja nimjibu.

Nyuma ya sauti yake kuna pangaboi linalolia, kuna kijiko ndani ya kikombe, na kwa mbali kuna cherehani ya jirani. Hedifoni mbaya hunipa baba peke yake. Nzuri hunipa baba na sebule yake.

Zile za kung'oa meno zilimtia baba ndani ya pipa. Za pili zilimpa mafua, na cherehani ikageuka mbu. Za tatu zilikuwa na sauti nzuri, ila nilipoukunja waya pale unapoingia kwenye plagi, mahali ambapo hedifoni za bei poa hufia, upande mmoja ukazimika. Besi akanitazama kama niliyemvunjia sahani.

"Dada, wewe hununui, unakagua," akasema.

"Nikikosea hapa nitakosea kazini. Huna nyingine?"

Akachutama, akachimbua chini kabisa ya katoni, akaibuka na jozi ya kijivu isiyo na boksi wala jina. Akaipangusa kwa shati lake. "Hizi hata sikumbuki nilizipata wapi. Chukua kwa bei ya soksi."

Najua rahisi ni ghali, na nilizichomeka masikioni kwa kuzidharau. Nikabonyeza ujumbe. Baba akawa ameketi karibu yangu. Sikumsikia anaongea tu, nilisikia midomo yake ikiachana kabla ya neno, nilisikia kiti kikilalamika chini yake, nilisikia kijiko kikiguswa na kuwekwa kwenye sahani. Machozi yalinijia palepale mbele ya Besi, ambaye kwa ungwana wake alijifanya anahesabu chaja. Baada ya kile "Kasuku?" nilidhani nimesikia kitu kingine, chembamba, lakini mtaa ule una kelele na nikasema ni mtaa. Nililipa nikaondoka haraka kabla hajabadili bei.

Ofisini kulikuwa kimya. Nilikaa mezani kwangu, nikazichomeka tena, nikafumba macho. Baba akasema maneno yake yote. Akasema, "Haya." Kisha, katika kile kimya ambacho kwangu kilikuwa kimya siku zote, nikasikia pete za pazia la korido zikiteleza kwenye fimbo yake. Nikasikia ndala zikija, moja ikiburuzwa kisigino. Mimi ndiye ninayeburuza kisigino. Mama yangu alinikanya kwa hilo mpaka akachoka.

"Kasuku?" akauliza baba.

"Abee, baba," nikaitika.

Ilikuwa sauti yangu, mle ndani ya ujumbe. Sauti yangu yenyewe naijua, naisikia kila siku kazini nikijirekodi kusahihisha. Wakati baba anarekodi ujumbe ule mimi nilikuwa hapahapa, kwenye kiti hiki, nachapa, na niliusikiliza baadaye nilipokuwa nafunga begi.

Nikamwita mwenzangu wa meza ya pili, mwanamke mtulivu ambaye hedifoni zake alizinunua kwa pesa nzito na hamwazimi mtu. Nikamwomba asikilize mwisho tu, kwanza kwa zake.

"Mzee anakuita, halafu basi," akasema.

Nikampa za kijivu. Akasikiliza, akatabasamu. "Na wewe unaitika. Kumbe ulikuwa naye siku ile, mbona ulituambia hukumwona?"

"Sikuwa naye. Nilikuwa hapa na wewe."

Tabasamu likamtoka polepole. Akazivua, akaziweka mezani, akajifuta masikio kwa upande wa mtandio. "Nani basi kamwitikia?" akaniuliza.

Baba alikutwa stoo jioni ile, kabla sijafika. Alikuwa ameketi juu ya debe, mlango umevutwa, moyo umesimama. Daktari alisema moyo ulikuwa umechoka, na kwa umri wake nani angebisha. Sebuleni palikuwa na vikombe viwili vya chai, kimoja amekunywa nusu, kingine hakijaguswa. Kikombe cha pili kilinisumbua kwa wiki nyingi. Nilijiambia alikuwa ananingoja. Sikuwahi kufikiri kwamba alidhani nimeshafika.

Simu ikatetemeka mezani. Sindano.

Nilizichomeka tena hedifoni zile, kwa kuwa nilitaka kusikia kila kitu na nilikuwa naogopa kusikia kila kitu.

"Mama, nimefika. Mlango nimefunga. Leo mwalimu kasema mwandiko wangu ni wa kuku, nikamwambia kuku hashiki kalamu, kanisimamisha. Mkate nimeuona." Akatua. Nyuma yake pete za pazia ziliteleza. Ndala zikaja, kisigino kimoja kinaburuzwa.

"Mama? Umerudi?"

"Abee," nikaitika ndani ya nyumba ile, kwa sauti yangu, taratibu, tamu kupita nilivyo.

Ujumbe ukakatika.

Nilimpigia. Iliita mpaka ikachoka. Nikapiga tena nikiwa tayari ngazini, begi nimeliacha, mwenzangu ananiita nyuma. Nilipanda pikipiki ya kwanza niliyoiona na nikamwambia dereva aende kama anaenda kwake kwenye moto. Njia nzima nilikuwa naomba kitu kimoja tu, asifike stoo. Vingine vyote nilikuwa tayari kuvitoa, kazi, nyumba, masikio yenyewe.

Mlango wa mbele ulikuwa wazi kabisa. Nikasimama kwenye kizingiti nikaona sebule, begi lake la shule sakafuni, viatu vyake, simu ya babu yake juu ya zulia. Pazia la korido lilikuwa limefungwa. Nikavuta pumzi nimwite, na hapo nikamsikia Sindano kutoka barazani kwa jirani, "Usiingie."

Fundi cherehani na sisi ukuta wetu ni mmoja, na baraza yake inapakana na mlango wetu. Sindano alikuwa amejibana chini ya meza ya cherehani, peku, ameikumbatia miguu ya meza kama mtu anayevuka mto. Nilimvuta, nikampapasa kichwa, mikono, mgongo, nikamkumbatia mpaka akalalamika kwamba namvunja. Nililia bila aibu. Fundi akatuondolea vitambaa kwenye benchi, tukakaa.

"Kaja hapa mbio, hasemi," akasema fundi. "Nilitaka nimpeleke ndani kuvaa viatu, akanishika suruali."

"Ulisikia nini, mwanangu?"

"Nilisikia ndala zako kwenye korido. Nikasema, Mama umerudi? Ukasema abee." Akakunja uso. "Nikatoka."

"Kwa nini ulitoka?"

Alinitazama kwa ule mshangao wake ninaoujua, wa mtoto anayeulizwa swali la kijinga. "Tangu lini wewe ukaniitikia abee mimi? Abee anaitikiwa mkubwa. Wewe nikikuita hujawahi. Wewe unasema, 'Unataka nini tena?'"

Fundi akacheka, halafu akaniona uso, akaacha. Mimi nilitaka kucheka pia. Mara ngapi mama yangu alinikemea kwa jibu lile, kwamba mtoto haitikiwi kama anayedai deni. Na leo jibu baya ndilo lililomtoa mwanangu mlangoni. Nilimbusu utosini nikaapa kimoyomoyo sitamjibu hivyo tena.

"Lakini mama Sindano," akasema fundi, akishusha sauti, "hata siku ile ya mzee nilikusikia. Alikuita, ukaitika. Ukawa unamwita kutoka kule nyuma, Baba njoo, Baba njoo. Ndiyo maana sikwenda kumjulia hali mpaka jioni. Nikasema yuko na mwanawe, nitaingilia nini? Nilipomkuta peke yake nilidhani ulishaondoka, na msibani sikutaka kukuuliza."

Maishani mwangu mote baba akiniita niliitika "Abee, baba" kabla hajafunga mdomo. Nikiwa na hasira niliitika hivyo. Nikiwa na homa niliitika hivyo. Hakuwahi kusikia kwangu jibu jingine, kwa hiyo hakuwa na cha kumshtua. Aliniita akaitikiwa vizuri, akanimiminia chai, na nilipomwita kutoka stoo akainuka akanifuata, akiwa na furaha kwamba kwa mara moja sikuchelewa. Hilo ndilo lililonichoma. Alikwenda kwa furaha.

Nikasimama, nikamshika Sindano mkono. Nilimwambia twende kwa mama mkubwa wake, sasa hivi, kama tulivyo.

"Na viatu vyangu?"

"Tutanunua vingine."

"Na hedifoni?"

Nilikuwa bado ninazo shingoni. Nikazivua nikazitupa ndani, zikatua kwenye zulia karibu na simu ya baba. Fundi akainuka auvute mlango wetu kwa nje, afunge. Sindano akanikaza vidole.

"Mama," akasema.

Kabla sijafungua mdomo, nyuma ya pazia sauti yangu ikajibu, kwa uchovu wangu uleule wa jioni, "Unataka nini tena?"