Benchi Lililouma

"Usivute!"

Hata mjomba wake, mwenye karakana, aligeuka kutazama ni nani aliyepiga kelele, maana kule karakanani binti yule walimwita Mnong'ono, na hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti.

Wifi yake alikuwa amepiga magoti, mkono wa kushoto umenaswa kwenye benchi. Benchi lenyewe ndiyo kwanza lilikuwa limefungwa pale uwanjani, mbele ya kituo cha mabasi. Mnong'ono ndiye aliyelibuni: jioni watu walikalie wakisubiri basi, asubuhi egemeo linyanyuliwe na kulazwa mbele, liwe meza ya wachuuzi. Wifi, mjane wa kaka yake na muuza nyuzi na vifungo, alitangulia kulijaribu. Alililaza egemeo kwa pupa zake zile zile, na kidole cha pete kikazama kwenye mwanya kati ya ubao na chuma. Pete ikatokeza upande wa pili. Kurudi ikakataa.

"Nilisema!" alifoka, jasho likimtiririka. "Nilisema dude hili litauma watu! Mkasema nina domo!"

"Domo unalo, wifi. Ila sasa tulia, nakuomba."

Mnong'ono alichungulia mwanya. Egemeo likinyanyuliwa, ubao ungezidi kubana. Likikandamizwa, mfupa ungevunjika. Ilibaki kuitoa pini iliyoshika bawaba, na pini hiyo aliichomelea mwenyewe ncha zote mbili, kwa kuhofia wezi wa vyuma. Wezi aliwakumbuka, vidole akavisahau.

Kidole kilianza kuwa cha zambarau.

"Kata pete," alisema mjomba, macho yake yakiwa barabarani. Bwana Mipango wa manispaa alikuwa njiani kuja kulikagua benchi. Akilikubali, wangetengeneza ya kituo kizima. Akilikataa, mjomba alishaapa: Mnong'ono angerudi kupaka mageti rangi, na habari za kubuni ziishie hapo. "Koleo ninalo. Tik, mara moja, yamekwisha."

"Thubutu!" wifi aliwaka. "Guseni pete ya mume wangu muone kama mkono huu mwingine nao umenaswa!"

Watu wakacheka. Kisha wakaona midomo yake inavyotetemeka, kicheko kikakatika.

Mnong'ono aliitazama pete. Kaka yake aliinunua kubwa kuliko kidole, na wifi aliizungushia uzi kwa ndani isije ikamponyoka.

"Mjomba, msumeno wa chuma."

"Ukate nini?"

"Pini."

"Pini ikikatwa egemeo litaanguka! Una wazimu? Gari lile linapiga kona!"

Mnong'ono aliuchukua msumeno mwenyewe, akapiga magoti bega kwa bega na wifi, akaanza kukata. Chuma kililia. Wifi alifumba macho, akaung'ata ukosi wa blauzi yake. Mara msumeno ukateleza, ukasimama karibu kabisa na ngozi. Mnong'ono alifuta kiganja kwenye sketi, akaanza upya.

Viatu viling'aa pembeni yake. "Nani amekuruhusu kukata benchi hili?" Ilikuwa sauti ya Bwana Mipango.

Siku nyingine angetafuta shimo ajifiche. "Subiri kwanza, mzee," alisema bila kuinua kichwa.

Pini ilikatika. Egemeo likaporomoka kwa kishindo upande wa pili, na wifi akakaa chini, amekumbatia mkono wake, pete kidoleni.

Bwana Mipango alilizunguka benchi. "Mwenye wazo hili ni nani?"

"Mimi."

"Lingemnasa mtoto je?"

"Lingemnasa. Mwanya nimekosea."

Bwana Mipango alitikisa kichwa, akarudi garini. Mlango ukafungwa. Mjomba naye akaokota koleo lake, akaondoka, na watu wakaanza kutawanyika.

Mnong'ono alibaki amechuchumaa mbele ya ubao ulioanguka. Alitoa chaki mfukoni.

"Wifi, nipe kidole."

"Cha nini tena? Hujashiba?"

"Nataka kukipima. Mwanya ama uwe mwembamba kisiingie, ama uwe mpana kisinaswe."

"Mjomba wako amekurudisha kwenye mageti, wewe unapima!"

"Atanirudisha kesho. Leo nipe kidole."

Wifi alimkodolea macho. Kisha, akilalamika kwa sauti ya kusikiwa na uwanja mzima, akakilaza kidole kilichovimba juu ya ubao.

"Taratibu basi, shetani wewe. Kinauma."