Sahihi ya Saa Nne

Mfuniko wa sufuria uligongagonga jikoni, nje bado giza. Bibi alipunguza moto. Wiki mbili tangu amzike mjukuu wake, na bado mkono wake ulitoa vikombe viwili.

Hodi ikabishwa. Alikuwa Kasuku, aliyefanya kazi na marehemu kwenye kiwanda cha mbao. Jina alilipata kwa kutofunga mdomo, lakini leo aliketi kimya akitazama sakafu.

"Mume wangu, umemezwa na nini?" Bibi alimtania, akimmiminia chai.

"Bibi, ile sahihi ni yangu."

Bibi aliweka birika chini. Sahihi hiyo aliijua. Mtu akifa kazini, mwajiri anatakiwa kumwarifu mkaguzi wa kazi. Bibi alipokwenda kuuliza, meneja alimfungulia daftari la getini: mjukuu ametia sahihi ya kutoka saa nne. "Alishatoka, mama. Hayo ya nje hatuyaripoti." Na gogo lilimwangukia mle mle ndani! Bibi alirudi nyumbani na aibu isiyo yake, kana kwamba mtoto alitoroka kazi.

"Wewe? Kwa nini?"

"Tumezoea kusainiana, Bibi. Mwenzako akiwahi kutoka, unamsainia. Tulipompakia kwenye gari nilirudi mbio getini, wasije wakamhesabu mtoro. Nilidhani kesho yake atarudi."

Hasira ilimpanda Bibi. Kisha akamwona akilini kijana huyu akikimbia, mikono ina damu, akihangaikia jina la mwenzake.

"Ulimkumbuka," alisema.

"Nilimponza."

"Yote mawili. Kunywa chai."

Kasuku alikunywa kidogo. "Jana nilikwenda kwa mkaguzi, nikaandika sahihi ile mbele yake. Alinifuata mpaka kiwandani, akailinganisha na ya daftarini. Meneja amejaza fomu: amefia kazini, gogo, saa nne kasorobo. Nimeisoma mwenyewe."

"Isome tena."

"Amefia kazini, Bibi."

Bibi alijifunika uso kwa upande wa khanga, akalia kwa mara ya kwanza bila kujizuia. Kasuku alimshika mkono mpaka kulipopambazuka.

"Na wewe?" Bibi aliuliza baadaye.

"Wamenifukuza."

"Basi huna pa kuwahi. Kesho uje tena, mume wangu. Na keshokutwa."