Mpira wa Gari la Mtani

Gari lenyewe lilikuwa jekundu, la milango miwili, la zamani lakini linang'aa, na limelala chini kiasi kwamba mbuzi angeliruka. Cyril alikuja nalo kutoka Dar es Salaam akalizungusha Masasi nzima, mpaka usukani ukaanza kulia kila akikata kona. Ndipo akaliingiza gereji kwa Gerson, kichwa nje ya dirisha.

"Fundi wa kufa njaa! Njoo uone gari, leo upumzike kushika matrekta."

Gerson alicheka. Angefanyaje? Cyril ni mtoto wa shangazi yake, binamu na mtani, na mtani hakasirikiwi. Hata kwenye msiba wa Yoeli hakumkasirikia. Yoeli alikuwa mtoto wa pekee wa Gerson, homa ilimchukua. Jeneza likiwa bado uani, Cyril alisimama mbele ya watu akapaza sauti: "Magari ya wenzake anayafufua, mwanawe kamshinda!" Watu wakacheka, maana ndiyo kazi ya mtani msibani, kuwachekesha wafiwa wasife na kilio. Gerson naye akacheka, akampa kuku wake kama desturi inavyotaka. Lakini nawaambieni, lile neno halikumtoka. Watu bado wanamwita Baba Yoeli, na kila akiitwa analisikia upya.

Basi akaingia chini ya gari. Mafuta ya usukani yalikuwa yanavuja kwenye mpira wa presha, ule unaotoka kwenye pampu. Kiungo kimelegea, matone yanadondokea eksozi. Kazi ndogo tu. Mpira mzima wa aina ile alikuwa nao, umening'inia msumarini, aliutoa kwenye gari bovu. Akautazama. Kisha akauacha palepale, akachukua mpira laini, ule wa kurudishia mafuta kwenye kopo, akaufunga kwa klipu mbili. Njia ikinyooka, ungevumilia. Kwenye kona kali presha ingeuchomoa, na usukani ungekuwa mzito ghafla kama jiwe la kusagia.

Sasa msije mkamtetea mkasema hakuwaza. Aliwaza! Alijua Jumamosi Cyril anapanda Newala kwenye harusi ya Scholastika, ndugu yao, na kona za ule mlima anazijua moja moja. "Atoke jasho na shati lake la harusi," alijisemea. "Akwame, watu wamcheke yeye safari hii." Akakaza klipu.

"Limepona?" Cyril akauliza.

"Limepona. Nenda karinge."

Jumamosi asubuhi simu ya Gerson ikaita. Namba ya Cyril, lakini sauti ilikuwa ya mama yake Gerson mwenyewe, Bi Ethel, anayekaa Lulindi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu! Cyril kanipitia nyumbani. Eti mke wake hawezi kwenda harusini na lori la kwaya! Nimekaa mbele, kiti kimelala kama kitanda." Cyril alizoea kumwita mke wake, kwa kuwa ni mke wa mjomba wake, na bibi yule alikuwa anaupenda sana utani huo.

Spana ikamdondoka Gerson. "Mko wapi?"

"Ndiyo tumeanza kupanda mlima."

"Mama, mwambie asimame! Mpe simu, mpe haraka!"

Cyril akaipokea huku anaendesha. "Baba Yoeli! Wivu huo? Nimemwoa mama yako, kuanzia leo uniamkie."

"Simamisha gari. Mpira niliokufungia siyo wake. Usukani utakukatalia kwenye kona."

"Eti nini?"

"Nimekuharibia gari makusudi, Cyril! Haki ya Mungu, nimelifanya mimi!"

Cyril alicheka mpaka akakohoa. "Lo, umeiva siku hizi! Mke wangu, msikie mwanao, eti kaniharibia gari makusudi!"

Na Bi Ethel akacheka. Gerson alimsikia vizuri, kile kicheko chake cha puani. "Mwache mwenzio aendeshe, wewe!" Simu ikakatika. Akapiga, haipatikani. Akapiga tena. Akarukia bodaboda, akamwambia dereva akimbize kadiri pikipiki inavyoweza, na njia nzima alikuwa anamwomba Mungu kama mtoto.

Aliwakuta kwenye kona. Gari lilikuwa bondeni, limekumbatia mkorosho, harufu ya mafuta yaliyoungua imejaa. Cyril alikuwa amekaa kando ya barabara, mkono umevunjika, analia. Bi Ethel alikuwa ameshafunikwa kanga.

Walimzika Lulindi. Kilio kilipozidi, wazee wakamsukuma Cyril, mtani afanye kazi yake. Akasimama, mkono umefungwa shingoni, macho mekundu.

"Jamani, mnamjua aliyemuua mke wangu? Ni huyu fundi wenu! Kanifungia mpira wa kumwagilia mchicha!"

Watu wakaangua kicheko. Hakuna aliyeamini, hata Cyril mwenyewe.

Gerson akainuka. "Anasema kweli," akasema. "Nilimfungia mpira usiofaa, makusudi. Mama nimemuua mimi."

Ohoo! Hapo ndipo waliposhindwa kujizuia. Mama mmoja wa kwaya akakaa chini, kashika mbavu. "Baba Yoeli naye leo kajibu!" Cyril alicheka huku machozi yanamtiririka, akamkumbatia kwa mkono mmoja. Gerson akasema tena, "Kweli ni mimi, nisikilizeni," wakazidi kucheka.

Agatha, mke wa Gerson, akaja na kuku, akamwekea mumewe mikononi. Tangu msiba uingie alikuwa hajatabasamu mpaka hapo. "Haya, baba, mpe mtani wako haki yake."

Cyril akanyoosha mkono wake mzima. Gerson akampa kuku, na watu walipomtazama, akacheka.