Kidole cha Ngo Kaneng

Jumapili ile vijana walikuja kanisani na marungu. Hawakuingia nayo ndani. Waliyalaza nyuma ya ukuta wa choo, wakayafunika kwa bati bovu, kisha wakaja kukaa kwenye mabenchi ya darasa la vijana wakiwa wametulia kuliko siku zote. Mimi nilijua, kwa sababu rungu mojawapo lilikuwa mchi wa mama yetu, na aliyeubeba alikuwa kaka yangu Gyang.

Chanzo kilikuwa mpira wa maji. Hapa kwetu, nje kidogo ya Jos, kuna bwawa lililoachwa na wachimba bati wa zamani. Sisi Waberom tunalima upande wa mashariki, Wahausa wanalima upande wa magharibi, na kiangazi kizima wote tunavuta maji hayohayo kwa pampu. Jumamosi asubuhi Gyang alifika shambani akakuta mpira wa pampu yake umekatwakatwa vipande saba. Nyanya zilikuwa ndiyo kwanza zinatoa maua. Kwa upepo wa Januari, ule mkavu unaopasua midomo, nyanya bila maji siku tatu ni kuni.

"Ni wale wa ng'ambo," alisema aliporudi nyumbani, na hakusema kingine mpaka jioni. Kufikia usiku vijana kumi na wawili walikuwa wameshakubaliana.

Mwalimu wetu alikuwa Ngo Kaneng. Ngo ndivyo tunavyomwita mwanamke wa kuheshimiwa, ingawa yeye alikuwa na miaka thelathini na mitatu tu. Alikuwa fundi wa kushona sare za shule, mfupi, mwenye sauti ya kuita mbuzi waliokwenda mbali. Siku ile alikuwa amepanga kutufundisha juu ya kukaa kwa amani na watu wote.

"Ngo, leo tusome upesi," Gyang alimwambia. "Tuna kazi."

"Kazi gani ya Jumapili?"

"Kuna mpira tunaupeleka kwa fundi."

Vijana wakacheka. Bot, yule ambaye hawezi kukaa bila mzaha, akaongeza, "Fundi mwenyewe hajui kama tunakuja."

Ngo Kaneng hakucheka. "Nimetoka chooni sasa hivi," alisema. "Mchi wa mama yenu nimeuona. Na hilo rungu la msumari nalo nimeliona. La nani? La kwako, Bot?"

Bot akaangalia sakafu.

Ngo Kaneng alichukua kiti chake, akakiburuta mpaka mlangoni, akakaa katikati ya mlango. "Anayetaka kutoka atanipita mimi," alisema.

Gyang akasimama. "Ngo, nakuheshimu. Lakini wewe kila wiki ni tupendane na hawa, tuwavumilie hawa. Unasema hivyo kwa sababu wewe hawajakufanyia kitu!"

"Ni kweli," alisema. "Hawakunifanyia kitu. Mimi ndiye niliyewafanyia."

Nilidhani nimesikia vibaya. Akaweka mikono yake juu ya magoti na kuanza kueleza, bila kutazama mtu.

Wakati wa vurugu kati ya Wakristo na Waislamu, miaka kumi na saba nyuma, alikuwa msichana wa miaka kumi na sita. Mtaa wao ulikuwa wa mchanganyiko. Mlango wa pili alikaa Hajiya Rabi, mpika masa, yale maandazi ya mchele. Kila asubuhi Kaneng alimchotea maji, naye Hajiya alimpa masa ya kwanza kutoka jikoni, ingali inafuka. Mume wa Hajiya, Malam Habu, alikuwa mdarizi wa kofia. Watu walitoka mbali kuja kununua kofia zake.

"Siku ile wakaja vijana wa kwetu kutoka mtaa mwingine, na petroli," Ngo Kaneng alisema. "Nyumba walikuwa hawazijui. Wakaniuliza Waislamu wa hapa wanakaa wapi. Nikanyoosha kidole. Hawakunipiga, wala hawakunitisha. Nilinyoosha tu. Mmoja akanisifu, akaniita dada shujaa, nami nikafurahi."

Lyop, aliyekaa karibu yangu, alianza kulia.

"Hakufa mtu. Kwa miaka mingi hilo ndilo nililokuwa najipozea. Lakini Malam Habu alirudi ndani kumtoa mtoto, akatoka mikono yote miwili imeungua. Mpaka leo hashiki sindano. Mimi nashona kila siku, yeye hashiki sindano. Na nyinyi nimewafundisha miaka minne bila kuwaambia."

Gyang akasema, kwa sauti iliyopungua nusu, "Sasa unataka tufanyeje? Tukatiwe mipira tukae tunatazamana?"

"Sijasema mkae. Nimesema marungu hapana. Kesho saa nne navuka ng'ambo, aliko siku hizi Hajiya Rabi, namwambia nilichofanya. Nimeogopa miaka kumi na saba. Nani atanisindikiza? Mikono mitupu."

"Na wakitukamata huko?" Bot akauliza.

"Basi tutakamatwa tukienda kuomba msamaha. Watu wamekamatwa kwa makosa mabaya zaidi ya hilo."

Hakuna aliyekwenda ng'ambo siku ile. Sisemi walikuwa wameshawishika. Waliona aibu tu, na mtu mwenye aibu rungu humwia zito. Mchi niliurudisha nyumbani mimi mwenyewe.

Jumatatu tulikuwa watatu nyuma yake: mimi, Lyop na Bot. Gyang alikuwa ameapa hatakwenda. Tulipovuka kijito nikageuka nikamwona anakuja kwa mbali, akipiga mawe teke kama mtu mwenye safari zake. Watu wa ng'ambo walitutazama kutoka milangoni. Kinyozi alizima mashine akatoka nje na mteja wake aliyenyolewa upande mmoja. Ngo Kaneng alimsalimia kila mtu, hata wale wasioitika.

Tulimkuta Hajiya Rabi uani, ameweka ungo mapajani, anachambua mchele. Malam Habu alikuwa ameketi kwenye mkeka akisikiliza redio, na mikono yake niliiona mara moja: ngozi inang'aa, vidole vimekunjamana, havinyooki. Mlangoni alisimama mjukuu wao Saminu, kijana wa umri wangu, amekunja uso.

Salamu zilichukua muda, kama ilivyo kwao. Hajiya aliuliza baridi tumeionaje, aliuliza kama mama yake Kaneng bado anakohoa. Kisha Ngo Kaneng akapiga magoti kwenye vumbi na kusema yote, moja kwa moja, hakujitetea hata mara moja. Hajiya aliendelea kuchambua mchele. Alitoa jiwe, akalitupa. Akatoa jingine.

"Nilijua," alisema mwishowe.

Ngo Kaneng akainua uso.

"Nilikuwa dirishani. Nilikuona na gauni lako la njano."

"Hajiya, mbona hukusema?"

"Nimwambie nani? Nilisema, huyu mtoto atakuja. Mwaka wa kwanza nilikungoja, wa pili nikakungoja. Halafu nikachoka. Sasa unakuja nimeshachoka kukungoja." Akafuta uso kwa ncha ya mtandio. "Usitake jibu kwangu leo. Mwambie mwenye mikono."

Malam Habu alizima redio kwa kiwiko. "Ulikuwa na miaka mingapi?"

"Kumi na sita, Malam."

"Huyu Saminu ana kumi na saba, na akili zake ni za kuku. Binti yangu, sitakwambia yamekwisha. Kila asubuhi mke wangu ndiye anayenifunga vifungo vya kanzu. Kila asubuhi. Nikikwambia yamekwisha nitakuwa nimesema uongo, na mimi nimetoka kuswali sasa hivi. Lakini umekuja kwa miguu yako, mchana kweupe, mbele ya watoto uliowafundisha. Hilo nimelipokea. Inuka, unachafua nguo."

Hapo ndipo Saminu aliposhindwa kuvumilia. "Na yule je?" alifoka, akionyesha langoni. Gyang alikuwa amesimama pale, nusu nje nusu ndani. "Mbona yeye haombi radhi? Mwulizeni alichofanya bwawani!"

Nilimtazama kaka yangu. Masikio yake yalikuwa yamebadilika rangi, na mimi namjua tangu tunaoga beseni moja. Nikajua kuna jambo.

Ngo Kaneng hakumsaidia wala hakumsukuma. Alijipangusa vumbi magotini, akangoja.

"Niliziba mfereji," Gyang alisema.

"Mfereji upi?" nikauliza.

"Ule unaopeleka maji kwenye pampu za upande wao. Niliuziba kwa viroba vya mchanga. Maji ya bwawa yalikuwa yanashuka, pampu yangu ikawa inavuta tope. Siku nne. Na nilijua vitunguu vilivyo chini ya mfereji ule ni vya nani."

Jumamosi nzima, na Jumapili yote, tumekaa naye nyumba moja tukimwonea huruma, na hilo hakulitaja. Marungu kumi na mawili yalikuwa tayari, na hakulitaja. Nilitamani kumpiga kofi palepale.

"Ulijua ni vyetu!" Saminu alisema. "Ndiyo maana nikakukatia."

Hajiya aliweka ungo chini taratibu. "Umesema umefanya nini?"

Saminu akagundua kinywa kimemponyoka.

"Umekata mpira wa mtu? Halafu Jumamosi jioni ukaja hapa, ukala ugali wangu wa tuwo, ukaomba uongezwe, na umenyamaza?" Alivua ndala. Saminu alirukia nyuma ya babu yake, na Bot akacheka mpaka akalazimika kutoka nje. Hata Gyang mdomo ulimcheza. Lakini Hajiya hakuwa anacheka. "Nyote wawili," alisema, "mmetaka kuturudisha kulekule. Kwa vitunguu! Kwa nyanya! Nendeni bwawani. Sasa hivi. Na msirudi hapa na maneno."

Walikwenda, nasi nyuma yao. Waliondoa viroba bila kusemezana, kimoja baada ya kingine, wamezama tope mpaka magotini. Baadaye Saminu alileta mpira wa ndani wa baiskeli, wakaukata vipande vyembamba, wakaunga mpira wa pampu kwa kufunga kila kiungo. Ulivuja mahali kumi. Gyang alisema, "Hapa hujakaza." Saminu akasema, "Hapo umefunga wewe." Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao ya kwanza.

Nusu ya nyanya zilikufa, na vitunguu vilivyopona vilikuwa vidogo kama marumaru. Iliwachukua watu wa bwawa majuma matatu ya kubishana mpaka wakaafikiana zamu za maji. Zaidi ya hapo wakakubaliana kwamba Ijumaa, wao wakiwa msikitini, sisi tutalinda pampu zao, na Jumapili, sisi tukiwa ibadani, wao watalinda zetu. Wazee wa pande zote mbili walisema haitadumu mwezi.

Kanisani mambo hayakuwa mepesi. Mzee wa kanisa, Da Toma, Da ikiwa Ngo ya wanaume, ambaye mdogo wake aliuawa katika vurugu zilezile, alimwita Ngo Kaneng mbele ya baraza. "Umetudhalilisha," alimwambia. "Walituua, na wewe umekwenda kuwapigia magoti."

"Nimepiga magoti kwa kosa langu, Da Toma. La mdogo wako linaniuma, na aliyemuua ana deni kwa Mungu. Lakini siwezi kuungama dhambi ya mtu mwingine nikaiacha ya kwangu."

"Basi darasa hutafundisha tena."

"Chumba ni chenu, kifungeni. Jumapili nitakaa nje, kwenye ukuta wa upande wa jua. Atakayekuja aje."

Walikifunga kweli, wakamweka mwalimu mwingine afundishe ndani ya kanisa. Jumapili ya kwanza tulikuwa watano nje, tumejifunika mablanketi, vumbi linaingia mdomoni kila tukisoma. Ya pili tulikuwa tisa. Gyang alikuja ya tatu na benchi begani. Hakuna aliyejua amelitoa wapi, na Ngo Kaneng alimwamuru alirudishe kwanza ndipo aketi. Kufikia Jumapili ya tano mwalimu mpya alikuwa na wanafunzi wawili, mmoja wao mtoto wa Da Toma, naye alikuwa akituchungulia dirishani. Baraza lilifungua chumba, likamrudishia Ngo Kaneng darasa. Siku hiyo Da Toma alisimama mlangoni akasikiliza somo lote, kisha akaenda zake.

Kwa Hajiya, Ngo Kaneng aliendelea kwenda kila Jumatatu. Mara nyingine alikaribishwa, mara nyingine aliachwa amesimama uani mpaka akaaga. Hakuacha. Mwezi wa tano Malam Habu alimwuliza kama anajua kudarizi. Alisema hajui. "Leta kitambaa," akamwambia. Tangu hapo akawa anakaa kwenye mkeka, mzee akimwelekeza kwa maneno, "Rudi nyuzi mbili, hapana, fumua, fumua tena," na yeye anafumua. Kofia ya kwanza ilikuwa mbaya, naye Malam alimwambia hivyo.

Yamepita miaka sita. Mwaka huu Ngo Kaneng amenikabidhi mimi darasa, wanafunzi ishirini na wawili. Siku ya kwanza tu mama mmoja alinisubiri nje, mkoba ameukumbatia kifuani.

"Chundung," aliniuliza, "ni kweli utawapeleka watoto wetu kule ng'ambo?"

"Ndiyo, mama," nikamwambia. "Jumatatu saa nne. Karibu na wewe."