Kidole cha Wankyo

Mwaka wa sabini na nne, watu walipohamishiwa vijijini, Wankyo alitoka Buswahili na mbuzi wake wawili, akapewa kiwanja ambacho vyura walikuwa wamekipenda kabla yake. Kila akienda kulalamika, Mwenyekiti Apolinary alimjibu, "Suala lako linashughulikiwa, mama." Likashughulikiwa masika mawili. Maji yakafika uvunguni.

Ndipo akasikia kwamba mgeni mkubwa anakuja kutoka Musoma, na kwaya ya kijiji itasimama mbele yake kabisa. Kuimba alikuwa hawezi. Sauti yake ilikuwa ikifukuza nyani shambani. Ila mwalimu Clementi alikuwa na ukulele, kigitaa cha nyuzi nne alichoachiwa na padri, na hakukuwa na wa kukipiga. Wankyo akajitolea. Alitaka kitu kimoja tu: wimbo ukiisha, awe karibu na sikio la mgeni.

Mpigo wa mwisho ndio uliomtoa jasho.

"Kidole cha pete uzi wa kwanza, mstari wa tatu," mwalimu alielekeza. "Sasa ongeza cha shahada, uzi wa pili, mstari wa kwanza. Piga. Unasikia? Sauti inaning'inia, haijafika."

"Kama mimi na kiwanja changu."

"Inua cha shahada, piga tena. Imefika!"

"Mbona yako inafikaga haraka hivyo, mwalimu? Haipitagi ofisini?"

Siku ikafika. Kwaya ikaimba vizuri hadi mwisho, Wankyo akapiga ile sauti ya kuning'inia, akataka kuinua kidole. Ganzi! Akapiga tena. Tena. Kwaya nayo ikang'ang'ania "maendeleooo" mpaka mishipa ya shingo ikawatoka. Watu hawakupiga hata kofi moja. Siku moja walimpigia Mwenyekiti makofi alipotua kupumua katikati ya hotuba, akaianza upya. Tangu hapo hawapigi mpaka jambo liishe kabisa.

"Mbona hamalizi?" mgeni akauliza.

Waliokijua kile kiwanja wakageuka kumtazama Apolinary. Apolinary akainuka, akamwinamia Wankyo. "Maliza, mama."

"Siwezi, Ndugu Mwenyekiti," akanong'ona, machozi yakimlenga.

"Huwezi au hutaki?"

"Siwezi!"

"Haya, chukua kiwanja kile cha karibu na shule."

"Siwezi, jamani!"

"Na mabati sita! Euphrasia, katibu wangu, andika hapo. Sasa maliza!"

Clementi akajipenyeza, akakibandua kile kidole kwa mkono wake mwenyewe na kumpigisha. Sauti ikafika. Uwanja ukalipuka kwa makofi na vigelegele, na mgeni akampongeza Mwenyekiti kwa kuwafundisha wananchi subira.

Jumatatu Wankyo alihama. Jumanne wanawake saba walikuwa kwake kabla hajamaliza kuezeka, kila mmoja na faili lake lililolala ofisini, wakitaka kufundishwa. Akawakalisha chini, akashika ukulele, na kwa uso mkavu kabisa akaanza kuwaonyesha jinsi ya kutoinua kidole.