Wifi wa Foleni

Kama kuna mtu mjini Moshi aliyezijua foleni zote, basi ni Elisifa. Aliijua foleni ya benki, ya umeme, ya vitambulisho na ya dirisha la dawa, na zote alizipitia mbele. Si kwamba alikuwa mkubwa wa mtu. Alikuwa na miguu miwili iliyopooza tangu ana miaka mitatu, magongo mawili ya chuma, na wifi mmoja aitwaye Hellen, mke wa kaka yake Mathew. Hellen alikaa Njoro, na kila alipoona foleni ndefu alijua pa kukimbilia: anakata mpaka Majengo, anabisha kwenye chumba cha Elisifa, na kusema kwa sauti iliyotiwa asali, "Wifi, nisindikize mahali kidogo."

Na Elisifa alisindikiza. Wakifika, Hellen humshika kiwiko na kutangaza kwamba jamani tunaomba, tuna mgonjwa hapa, na watu wanapisha. Mgonjwa mwenyewe tangu mwaka uanze hakuwa amemeza hata panadoli. Mashine yake ya kufuma ilitoa masweta ya shule tatu, na nyuzi zikimwishia alikwenda mwenyewe dukani kwa Manju. Duka lile lina ngazi mbili mbovu, kwa hiyo Manju humtolea nyuzi nje barazani, kisha anabishana naye bei bila chembe ya huruma. Elisifa alimpenda kwa hilo.

Lakini sherehe, hizo zilikuwa habari nyingine. Ukoo ukiwa na harusi, Elisifa aliambiwa apumzike: safari ni ndefu, miguu itavimba, na vyoo vya kule si unavijua. Krismasi ikifika na kila Mchaga mwenye nauli akapanda mlimani kwao, yeye huletewa nyama na ndizi kwenye ndoo, zimeshapoa, tarehe ishirini na saba. Ulikuwa mwaka wa nne hajakanyaga kihamba cha kwao, shamba la migomba la ukoo, kule Rombo wala kumwona mama yake, Bibi Theodora. Bibi hakuwa na simu, na salamu zake zote zilipita mdomoni mwa Hellen. Elisifa angeweza kujipandia basi, alishawahi. Ila mtoto wa nyumbani akiambiwa na wa nyumbani kwao kwamba apumzike, kujipeleka kunakuwa kazi nzito kuliko kupanda ngazi.

Safari hii iliuma kuliko zote. Kindness, binti wa Hellen, aliyekuwa anaishi na kusoma kule kwa bibi yake, alikuwa anapata kipaimara Jumapili. Elisifa ndiye aliyemlea miaka miwili ya kwanza, Hellen alipokuwa masomoni. Mgongoni hakuweza kumbeba, basi akamlea mapajani huku mashine ikilia. Jumapili hiyo aliitaka kwa moyo wote, aone yule mtoto akisimama mbele ya kanisa. Alimfumia sweta jeupe, akamwuliza Hellen gari litaondoka saa ngapi. Hellen alilisifu sweta, akalikunja vizuri, akasema wao watalifikisha.

Elisifa alimshukuru. Hellen alipoondoka, Elisifa alifunga mlango akalia, kisha akanawa uso akarudi kwenye mashine, kwa sababu masweta ya watu hayasubiri machozi ya mtu.

Alhamisi asubuhi gari likasimama nje, Hellen akashuka. Shule ilikuwa inataka cheti cha kuzaliwa cha Kindness kabla ya wiki kwisha, alieleza, na ofisi ya vyeti iko Mkuu, makao makuu ya wilaya, huko huko Rombo. Foleni yake mtu anaweza kuzeekea. Gari ni zuri, na kiti cha mbele ni cha wifi.

Elisifa alipiga hesabu. Kutoka Mkuu mpaka kihambani kwao hata robo saa kwa gari haifiki. Kwa sherehe Rombo ilikuwa mbali, kwa foleni imekuwa hapo tu. Watu wana ujasiri, jamani! Hata hivyo alifunika mashine, akavaa koti, akachukua magongo yake.

Dereva, Jesse, alikuwa mtu mzima wa maneno machache. Walipita Himo, wakapanda Marangu, wakaipita Mwika, migomba kulia na kushoto, na hewa ikawa ile ya baridi aliyozaliwa nayo. Miguu haikuvimba.

Foleni ya Mkuu ilikuwa imejaa baraza lote na kukunja kona. Hellen alimshika kiwiko kama kawaida yake na kutoa tangazo lake la mgonjwa, na watu wakaanza kusogea. Mlinzi akaja. Alimtazama Elisifa kuanzia miguuni, kisha akamwuliza Hellen, "Huyu anaitwa nani? Ana shida gani?"

Hapo ndipo Elisifa alipochoka, na hakuchoka miguu.

"Naitwa Elisifa," alisema. "Shida sina. Nimemsindikiza huyu."

Akakitoa kiwiko chake mkononi mwa Hellen, akageuka, akatembea taratibu mbele ya watu wote mpaka mwisho wa foleni, akauliza kama mtu yeyote anayefika penye foleni: wa mwisho ni nani? Mzee mmoja mwenye kofia ya sufu alisema ni yeye. Elisifa akampa shikamoo, mzee akaitikia, akamwambia basi yuko nyuma yake. Hakumpisha wala kumpa pole. Alisogea tu kwenye benchi, na baada ya muda wakawa wanazungumzia kahawa na mvua iliyochelewa.

Wako waliosema mama yule ana kiburi, na wako waliosema mwacheni, kila mtu na lake. Hellen alibaki katikati ya baraza, mbele haendi, nyuma harudi. Peke yake hakuwa na sababu ya kupishwa. Mwishowe alikuja, uso umemshuka, akaketi ukingoni mwa benchi na kunong'ona, "Wifi, mbona umeniaibisha?"

"Hellen," Elisifa akasema, bila kununa na bila kupaza sauti, "miguu yangu kwenye foleni haichoki. Inachoka kwenye sherehe tu?"

Hellen alifungua mkoba wake, akaufunga. Walikaa. Jua lilihama kutoka kwenye magoti yao likaenda ukutani. Walinunua mahindi ya kuchoma wakagawana moja kwa nusu, kwa maana hata waliokorofishana wanasikia njaa. Zamu yao ilibakiza watu wanne, dirisha likafungwa. Karani alitoka akawaambia kwa adabu kwamba waliobaki watahudumiwa kesho asubuhi, akawagawia namba.

Hellen alitaka warudi Moshi, waje tena kesho. Jesse akasema samahani, kesho ana wageni wa mlima, hawezi kuwaleta. Elisifa aliona jambo lenyewe ni jepesi: nyumbani ni pale juu, wakalale kwa mama. Lakini Hellen alianza kuhangaika. Mara akasema kuna gesti nzuri karibu na soko, ina choo cha kukaa. Mara akasema mama ana maandalizi mengi, watamsumbua. Elisifa alimwuliza tangu lini mtu akalala gesti kwa majirani wa mama yake mzazi, akamwambia Jesse awashe gari. Hakuelewa mwenzake anaogopa nini, na kwa kuwa amechoka hakumwuliza.

Barabara ya gari iliishia kwenye mfereji. Kutoka hapo ni njia ya miguu katikati ya migomba, na udongo ulikuwa na utelezi. Hellen alitembea nyuma yake akiwa na mikoba, na kwa mara ya kwanza hakumshika kiwiko. Gongo moja lilizama kwenye tope. Elisifa akajishikiza kwenye mgomba, akalichomoa, akaendelea. Ilikuwa njia mbaya kweli, hakuna aliyemdanganya kwa hilo. Lakini alifika.

Uani wanawake wa ukoo walikuwa wanapepeta ulezi wa mbege, pombe ya ndizi, ya Jumapili. Kindness alikuwa bado kanisani, kwenye mazoezi. Bibi Theodora alikaa kwenye kigoda, masikio yake sasa yamekuwa mazito, kwa hiyo mmoja wa wanawake alilazimika kumpigia kelele kwamba Elisifa amekuja. Bibi aliinuka kwa shida. Akamshika mwanawe uso kwa mikono yote miwili, akamsalimia kwa Kichaga, salamu ile ndefu ya mzazi, akamuuliza hali ya kifua, ya kazi, ya nyumba. Elisifa alijibu yote huku machozi yakimtoka, wala hakuyaficha.

Kisha Bibi akasema, kwa sauti kubwa ya mtu asiyesikia vizuri, "Kumbe leo umekubali."

"Nimekubali nini, mama?"

"Kuja. Kila mwaka namwuliza Hellen, ananiambia umeitwa umekataa. Nimekaa hapa miaka minne najiuliza nilikukosea nini."

Elisifa alitupa jicho nyuma. Hellen alikuwa amesimama na mikoba mikononi, anatazama chini. Hasira ilimpanda Elisifa. Zile ndoo za nyama ya baridi angezisamehe. Hili la mama kulala na kuamka akijilaumu, hapana. Neno moja tu lingetosha kumwangusha Hellen mbele ya ukoo mzima. Lakini mikono ya mama yake ilikuwa bado mashavuni mwake, na Jumapili imebakiza siku tatu tu, na mtoto wa watu hana kosa. Uongo ukamjia mdomoni ukiwa tayari: kazi zilikuwa nyingi, mama. Akafungua kinywa autoe.

"Hakukataa, mama," Hellen akasema nyuma yake. "Hatukumwita."

Bibi aliweka kiganja nyuma ya sikio. "Unasemaje?"

Wanawake waliacha kupepeta. Hellen angeweza kusema jambo jingine sasa, Bibi hakuwa amesikia. Aliweka mikoba chini, akasogea mpaka akasimama sawa na Elisifa, akarudia kwa sauti ya kusikika hadi kwa jirani.

"Sikumwita, mama. Niliona aibu watu wamwone."