Chaneli ya Fundi Husseni

Husseni alikuwa fundi wa mashine za boti, na sauti yake ilijulikana pwani nzima ya Dunda. Mashine ikizima baharini, nahodha humwita kwa redio ya upepo, naye husimama uani, redio mdomoni, akifoka: "Fungua plagi! Ifute! Si kwa shati, wewe, kwa kitambaa kikavu!" Binti yake Mwaija alikulia ndani ya kelele hizo, na ndizo zilizomtia hamu ya kusomea redio.

Alipopata kazi ya kurekodi mazungumzo ya vyombo vya baharini kwa ajili ya watafiti fulani, aliomba kusimamisha antena juu ya paa la nyumbani. Baba alipanda ngazi mwenyewe kuifunga nguzo.

Shida ilianza siku ile ile. Watafiti walitaka chaneli moja tu, ile ambayo vyombo huitana kabla ya kuhamia kwingine kuzungumza. Lakini baba alikuwa chini kabisa ya antena, kwenye chaneli iliyopakana na hiyo, na mawimbi yake yalimwagikia humo. Kila faili, plagi na kabureta.

Mwaija akakaa na kompyuta. Antena huzoa kila kinachopita hewani, na kipokezi hukigeuza kuwa mfululizo wa namba. Namba hizo alizizidisha na wimbi lililotengenezwa na kompyuta yenyewe, ili chaneli aliyoitaka ishuke kutoka masafa ya juu iliko hadi kwenye sifuri. Kisha chujio likakata yote yaliyokuwa kando. Kwa kuwa kilichobaki kilikuwa ukanda mwembamba tu wa masafa, namba nyingi hazikuhitajika tena. Zikatupwa, na diski ikapumua. Alilinoa chujio lile, akalinoa tena, mpaka sauti ya baba ikatoweka.

Akatoka uani mbio. "Baba, sasa husikiki kabisa!"

Husseni akashusha redio yake. "Kabisa?"

"Hata mnong'ono."

"Hongera, mwanangu," akasema, akacheka kidogo, akairudia mashine aliyokuwa ameifungua. Mwaija hakumtazama usoni. Alikuwa na haraka ya kuwatumia watafiti faili safi.

Mwaka uliofuata presha ilimwangusha Husseni akiwa kazini, na hakuamka tena.

Baada ya arobaini, mama yake Mwaija, Bi Rukaya, alikuja akaketi kando ya kompyuta. Marehemu alikuwa mtu wa simu ya vitufe. Hakuwahi kutuma ujumbe wa sauti maishani mwake.

"Wewe si ulikuwa ukirekodi redio kutwa?" mama akauliza. "Nitafutie baba yako. Hata akiwa anagomba."

Mwaija alijua jibu, lakini alitafuta. Alisogeza masafa kuelekea chaneli ya baba. Hapakuwa na kitu, hata ule mkwaruzo wa hewa tupu. Upande ule haukuhifadhiwa. Na faili za mwanzo, zile chafu, alikwisha kuzifuta kwa mkono wake.

Alichopata ni watu wengine wakimwita. "Fundi Husseni, fundi Husseni, Mikdad hapa, mashine imegoma." Halafu kimya, kwa sababu Husseni hakuwa na subira ya kujibu hapo; akisikia jina lake alirukia chaneli yake, na nahodha akamfuata huko.

Bi Rukaya alisikiliza, mkono shavuni. "Mbona hajibu?"

"Alijibu, mama. Pembeni kidogo. Mimi ndiye niliyemtoa."

"Ulimtoa kwa nini?"

Mwaija alitafuta neno jepesi kuliko lililomjia, hakuliona. "Alikuwa akinisumbua."

Laiti mama angemgombeza. Alijitanda upya mtandio wake, akasema, "Kweli, alikuwa na makelele," kisha akainuka kwenda jikoni.

Alasiri hiyo Mwaija aliliondoa chujio, akaiacha kompyuta ihifadhi kila kitu, ingawa diski ingejaa upesi. Kwenye chaneli ya baba hapakuwa na mtu.